Nalimbwe Iliangushwa na Mlinzi Wake

Dada yangu Somoe,

Salamu utazikuta mwishoni. Najijua. Nikianza na salamu nitauliza hali, nitasifu mvua, nitakupa habari za mbuzi, na karatasi itaisha sijasema kitu. Ndivyo nilivyokufanyia miaka yote. Basi leo naanza na neno lenyewe: ufuta ule niliuangusha mimi.

Ulijua. Ulijua tangu siku ile ile. Lakini hukuwahi kunisikia nikilisema kwa mdomo wangu, na sasa muda wa kunisikia umepita, kwa hiyo naliandika, na mwenye kutaka kusoma asome. Wale wa kijijini kwetu Matambarale waliokuita "Somoe wa ufuta" mpaka siku unaolewa, wasome. Wanafunzi wangu nao wasome, maana na wao nimewadanganya.

Nakuandikia nikiwa shambani kwangu Naipingo, nimekalia debe lililopinduliwa. Ufuta nimeukata, nimeufunga matita, nimeyasimamisha yanaegemeana, na jua linamalizia kazi yake. Zainabu wako yuko kwangu tangu tulipokuzika, anaendelea na sekondari hapa Nachingwea. Shule zimefungwa, kwa hiyo Jumatatu alikuja kunisaidia. Alipofika hakusogea karibu. Alisimama hatua kama kumi hivi, akaikusanya khanga yake kiunoni isipepee, akasema taratibu, "Minara imekauka, mjomba. Haiguswi."

Nilikuwa nimeshika panga, nikaliweka chini. Maneno hayo mara ya mwisho niliyasikia kwako, mimi nina miaka tisa.

Unakumbuka Nalimbwe ilivyoanza? Nilikuwa mdogo, hata shule sijaanza, na mtundu mpaka mama alikuwa akinifunga kamba ya khanga mguuni akienda kisimani. Baba alishanichapa mara mbili kwa kukimbiza kuku karibu na ufuta. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa, ila kwa asiyejua: ufuta ukikauka, maganda yake hufunguka midomo kwa juu, na mbegu zinabaki mle ndani zikitegemea tita lisimame wima tu. Likiinama, zimekwenda. Ndiyo maana hatupiti pale na nguo za kupepea, na siku ya kukung'uta kila tita hubebwa kama mtoto mchanga hadi juu ya turubai, ndipo linapinduliwa kichwa chini. Mimi niliambiwa hayo kwa fimbo na sikuelewa. Wewe hukunichapa. Ulinikalisha chini, ukanionyesha kwa kidole. "Unaona pale? Wewe unadhani ule ni ufuta. Ule ni mji."

Ukaniambia kwamba zamani, kabla mito haijajua pa kwenda, alitokea mwanamke mmoja aitwaye Mwanahapa. Hana ng'ombe, hana mume, hana hata sufuria. Ana kibuyu tu, na ndani ya kibuyu mbegu saba. Watu wa nchi ile walikuwa hawana majina. Walikuwa wakiitana "wewe" na "yule," na wakipotezana porini hawana namna ya kutafutana. Mwanahapa akapanda mbegu zake, na palipoota kila moja ukasimama mnara, na mnara ukajaa mbegu nyingine, na kila mbegu ilikuwa jina. Akawagawia watu. Aliyepata jina akajenga nyumba, kwa sababu sasa yuko mtu wa kuitwa mlangoni. Hivyo ndivyo himaya ya Nalimbwe ilivyosimama, bila mkuki hata mmoja.

"Na mimi jina langu liko mnara gani?"

"Ule wa mashariki, wa kwanza kabisa. Ukiangushwa ule, utasahau unaitwa nani."

Sikuusogelea mwaka mzima. Baba akadhani fimbo imefanya kazi, akajisifu kwa mama.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina watoto, na ndiyo kwanza nimeelewa kwamba himaya yote ile uliijenga ili nisichapwe. Mtoto wa miaka kumi na moja. Ulijenga dola zima kwa ajili ya makalio yangu.

Miaka iliyofuata baba akaongeza shamba, na Nalimbwe nayo ikaongezeka. Kila tita jipya likawa mji wenye jina na tabia yake. Ukawaleta askari wapanda ngiri, na kwa kuwa ngiri huingia shimoni kinyumenyume, jeshi la Nalimbwe liliingia vitani likiwa limempa adui mgongo, na adui akicheka tu ameshashindwa. Ukaleta wapelelezi, wote kanga, hodari wa kuona lakini hawawezi kufunga midomo, kwa hiyo siri za Nalimbwe zilijulikana dunia nzima na ikawa haina haja ya siri. Ukaleta hakimu kobe, mzee sana, ambaye hukumu yake ilitoka wakati waliogombana wameshakufa na wajukuu zao wameshaoana. Nilicheka mpaka nikaanguka chali. Vijiji vya mbali vilivyoishiwa majina, ambako watoto wote waliitwa jina moja na ikifika saa ya kula ni ngumi, vilikuja wenyewe kupiga hodi langoni. Malkia akafuatwa na malkia, binti wa binti wa Mwanahapa, kwa upande wa mama kama ilivyo kwetu. Na ng'ambo ya mto alikaa Mfalme Asiyeitwa, aliyetaka kuyanywa majina yote ya watu ili liitwe lake peke yake, na kila kiangazi alituma upepo.

Ukanipa cheo. Mlinzi wa Lango la Mashariki. Kazi yangu ilikuwa kusimama na fimbo ya mbaazi na kufukuza jeshi la Mfalme Asiyeitwa, ambalo kwa macho ya watu wengine lilikuwa kuku wa jirani. Ulichana khanga ya zamani ya mama ukafunga vipande vyekundu kwenye matita, bendera za miji. Uliyafunga ukiwa umeshikilia pumzi, mimi nakutazama. Hukudondosha hata punje moja.

Mwaka wako wa darasa la saba ndio ulikuwa mwaka mkubwa wa Nalimbwe. Mvua ilinyesha kwa adabu, ufuta ukatoka kuliko mwaka wowote, na matita yalienea mpaka kule kwenye mpaka wa shamba. Mwalimu alikuja nyumbani kumwambia baba kwamba wewe sekondari utakwenda, hilo halina mjadala. Baba akawa anasema kila anayepita, "Ufuta huu ni wa Somoe." Hata mbuzi walijua.

Siku moja mchana tulikuwa tunachambua mbaazi, ukaniambia, "Mwaka huu nitaisimulia mpaka mwisho. Ufuta ukishakung'utwa, Nalimbwe inaanguka."

"Kwa nini ianguke?"

"Himaya zote huanguka, Hamisi. Halafu mimi naondoka."

"Nani atasimulia?"

"Utasimulia wewe."

Sikutaka kusimulia. Nilikutaka wewe. Nikachambua mbaazi na uchafu wake pamoja, ukanisuta kwa kunivuta sikio kidogo, ukacheka.

Kesho yake baba alichukua baiskeli kwenda kuazima turubai, maana siku ya pili yake tulikuwa tukung'ute. Wewe na mama mlikwenda kisimani. Nikabaki mimi na fimbo yangu langoni. Nataka niseme nilikuwa nacheza. Nimejiambia hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuiona picha yake: mtoto anakimbia, anajikwaa, bahati mbaya. Hapana. Nilikuwa na hasira. Niliona kama ikianguka mimi ndiye niliyeiangusha, basi wewe huna mwisho wa kusimulia, na usipokuwa na mwisho huwezi kuondoka. Nikalisukuma tita la mashariki kwa mikono miwili. Nasema sikujua kwamba yameegemeana. Nilijua.

Ile sauti, dada. Kama mvua ya kwanza juu ya majani makavu, halafu kimya. Mstari mzima ulilala. Pale bado nilikuwa nimepona, kwa sababu mistari mingine ilikuwa imesimama, na mtu mwenye akili angekimbia kisimani akalie kwa mama yake. Mimi nilikwenda mstari wa pili nikausukuma. Huo wa pili ndio nitakaoulizwa. Kisha wa tatu.

Baba alirudi na turubai limefungwa nyuma ya baiskeli. Hakupiga kelele. Alisimama ameshika usukani, akautazama mchanga, akazitazama zile bendera nyekundu zikiwa chini. Akaniuliza mara moja tu, "Nani?"

Nikajibu, "Dada alisema mwaka huu himaya itaanguka."

Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kusahihisha sentensi za watoto, na sentensi ile siwezi kuipigia kosa hata moja. Ulisema kweli. Kila neno lilikuwa la kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Ulikuja na ndoo kichwani. Baba akakuuliza, ukazitazama bendera. Akakuuliza tena, ukanitazama mimi. Sijui uliona nini usoni kwangu. Nilikuwa nimebana fimbo yangu ya mbaazi kifuani na nilikuwa nakuomba, kwa macho, kitu ambacho sikuwa na haki ya kukuomba. Akakuuliza mara ya tatu, ukaitua ndoo, taratibu, maji yasimwagike. Ukasema, "Ni mimi, baba."

Alikuchapa kwa fimbo yangu. Aliichukua mkononi mwangu, na mimi nikampa.

Mama alipepeta mchanga kwa ungo siku tatu. Mchanga wa kwetu na ufuta vinakaribiana umbo, na sisimizi walikuwa wameshafika mapema, wamepanga mistari yao, kila mmoja na punje yake. Baba hakulia mbele yetu. Alilikunja turubai la watu likiwa kavu vile vile na kulirudisha. Aliporudi akasema mtoto mwenye kichwa kilichojaa minara sekondari akafanye nini, aende Mbwemkuru kwa shangazi yake akasaidie kuvuna, huko hakuna minara. Mtihani wa darasa la saba ulifanyika wewe ukiwa huko, unapura mtama wa shangazi. Mwalimu alifuatilia mara mbili, baba akamwambia ameshaamua. Kisha ikawa mwaka, ikawa miwili, ukaolewa huko huko.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na ya lami. Nilifaulu mimi. Baba aliweka matumaini yake yote kwangu kwa kuwa yako yalishamwagika. Nikasoma, nikawa mwalimu Nachingwea, na angalia Mungu alivyo na dhihaka zake, wakanipa somo la Historia. Kila mwaka naandika ubaoni: Sababu za kuanguka kwa himaya. Watoto wanaimba nyuma yangu, uongozi dhaifu, vita vya wenyewe kwa wenyewe, wavamizi kutoka nje. Nasahihisha madaftari, naweka vema, sikuweka hata siku moja sababu ninayoijua mimi.

Na nimewasimulia Nalimbwe. Ijumaa vipindi vikiisha mapema nawapa wapanda ngiri, nawapa hakimu kobe, wanacheka pale pale nilipocheka mimi. Wanasema mwalimu ana kipaji. Sikuwahi kutaja jina lako. Na mwisho, kwa kuwa mwisho wako sikuupata, nikatunga wangu: ilianguka kwa tetemeko la ardhi. Mtoto mmoja aliwahi kuuliza, "Mwalimu, tetemeko lenyewe lilitokea wapi?" Nikamwambia akae chini, kipindi kimekwisha.

Kuna siku moja ya Idi nilikuja kwako Mbwemkuru. Ulikuwa unachemsha ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, Zainabu yuko mgongoni. Tulikuwa wawili tu pale jikoni. Ulikuwa unapuliza moto, hukunitazama, ukaniuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Hamisi, bado uko langoni?"

Mlango ule uliufungua wewe mwenyewe. Nilichotakiwa ni kuingia. Nikacheka, nikasema walimu tuna kikao kesho asubuhi, lazima niwahi. Ukanifungia ming'oko kwenye mfuko nikale njiani. Nilikula yote kabla sijafika Ruangwa mjini, nikiwa nimekaa nyuma ya pikipiki ya watu, nalia kama mjinga na mdomo umejaa.

Ulipougua walinipigia simu, nikasema nasubiri mwisho wa wiki. Nilipofika ulikuwa huzungumzi tena. Nilikushika mkono. Hata pale, chumbani hamna mtu, sikusema. Nilijiambia nisikusumbue.

Halafu ikaja arobaini yako. Tumesoma khitma, watu wamekula, baba akaomba aseme neno. Unamjua, masikio yamekwisha, kwa hiyo anaongea kwa sauti ya kuita watu mtoni. Akasema, "Mwanangu Somoe alikuwa mtoto mwema. Kosa lake lilikuwa moja tu, ule ufuta, na mimi nilishamsamehe." Wazee wakasema, Mwenyezi Mungu naye amsamehe.

Na mimi nikaitikia, "Amina."

Nimefanya mabaya kadhaa maishani, lakini lile neno moja ndilo zito kuliko yote. Niliitikia. Nilikuombea msamaha wa dhambi yangu, mbele ya binti yako, na sahani ya pilau iko magotini.

Basi Jumatatu, Zainabu aliposema minara haiguswi, nilimwuliza mama yake alimsimulia mpaka wapi. Akasema, "Mpaka mwisho." Nikamwambia anisimulie. Tulikaa mbali na ufuta, yeye chini, mimi kwenye debe hili. Ana sauti yako, ana hata ile tabia yako ya kusita kabla ya neno zuri.

Alisema minara ilianguka siku moja mchana, upepo haupo, adui hayupo. Majina yote yakamwagika mchangani na sisimizi wakayabeba. Watu wakasahau wanaitwaje, wakaanza tena "wewe" na "yule." Wazee wakamwendea malkia wa mwisho, wakamwambia, mtafute aliyefanya hivi. Malkia akawaambia, msitafute, ni mimi. Akavua taji, akavuka mto, na Nalimbwe ikaisha.

"Na mlinzi wa lango?" nikauliza.

"Mlinzi bado yuko langoni. Ni mtoto, anaogopa. Mama alisema siku mlinzi atakapojitaja mwenyewe, sisimizi watarudisha mbegu zote, moja moja." Akacheza na majani kidogo. "Nilimwuliza mama kwa nini malkia hakumtaja tu, kama alimjua. Akasema, 'Sasa akimtaja, nani atabaki kusoma?' Mimi sikuelewa, mjomba. Mlangoni mtu anasomaje?"

Nilimwambia. Nilimwambia binti yako kila kitu nilichokuandikia hapa, mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hakulia wala hakunitukana. Akasema, "Babu anajua?"

"Hajui."

"Basi bado hujajitaja," akasema, akasimama kujifunga khanga.

Jumatano tukaenda Matambarale, mimi na yeye. Baba alikuwa barazani anasuka kamba. Nikakaa karibu na sikio lake la kulia, lile linalosikia kidogo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikasema, "Baba, ufuta ule niliuangusha mimi."

"Nini?"

"Ufuta. Niliuangusha mimi."

"Sema juu. Sauti unaitia mfukoni."

Nikapaza. Akauliza ufuta gani. Nikapaza zaidi, nikamwambia wa mwaka ule, wa Somoe. Pale karibu pana bomba, na wanawake walikuwa wanasubiri zamu ya maji. Akaniambia tena hasikii. Basi nikasimama, dada, mtu mzima mwenye mvi, mwalimu wa watoto wa watu, nikapiga kelele: "Somoe hakuangusha ufuta! Niliangusha mimi! Nilimsingizia!" Bomba likanyamaza. Wote walisikia. Zainabu alikuwa ameshika nguzo ya baraza.

Baba aliacha kamba yake. Alikaa akinitazama kama anayetafuta mtu fulani nyuma yangu.

"Yeye nilimuuliza mara tatu," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Wewe nilikuuliza mara moja."

Nilitegemea fimbo, niliitaka fimbo, hata ya mzee asiyeweza kuinua mkono. Hakunipa. Aliishika tena kamba yake mpaka wale wanawake wakaanza tena kuteka maji, taratibu, kama watu walio msibani. Kisha akasema, "Nipeleke Mbwemkuru."

Tulikwenda kesho yake. Ilibidi tumfunge kwa khanga ya Zainabu nyuma ya dereva wa pikipiki asianguke. Makaburini hakutaka kushikwa. Alikaa chini mwenyewe, upande wa kichwa chako, akatoa salamu kama inavyotakiwa. Halafu kwa ile sauti yake ya kuita watu mtoni akasema, "Somoe. Ufuta haukuwa wewe. Nimeambiwa jana." Akangoja kidogo, akaongeza, chini kabisa, nadhani alidhani hatumsikii, "Mimi ningekuuliza mara ya nne."

Mimi nilisimama nyuma yao. Nilidhani nikishasema nitasikia wepesi. Watu husema hivyo, sema utue mzigo. Sijatua kitu. Nimeongeza mbebaji, na mbebaji mwenyewe ni mzee wa umri ule. Maji yakishamwagika hayazoleki, na mtihani ule wa darasa la saba hautarudiwa, na jikoni kwako hutaniuliza tena swali lile. Sikuombi unisamehe. Ulishanisamehe nikiwa na miaka tisa, na ndiyo sababu sijawahi kupata pa kuanzia.

Ila nikuambie jambo moja nililoliona. Pale ubavuni mwa kaburi lako palikuwa na mstari wa sisimizi, wamebeba sijui nini, vyeupe vidogo vidogo. Walikuwa wanapita mbele ya mguu wa baba. Alipowaona aliiondoa fimbo yake njiani, akausogeza na mguu, akawaacha wapite. Zainabu alinitazama.

Sasa zile salamu. Hatujambo. Mvua mwaka huu ilitosha. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana jicho la uchokozi. Zainabu amekuwa wa tatu darasani na anasema nafasi ile haimridhishi. Baba hakutaka kurudi Matambarale, tumekuja naye Naipingo, amelala kivulini hapa nyuma yangu na anakoroma. Kesho tunakung'uta. Turubai ninalo langu. Baba atashika pembe moja, mwanao ndiye atakayebeba matita, amekwishasema hakuna mwingine wa kuyagusa. Shule zikifunguliwa nitawasimulia watoto upya, kuanzia Mwanahapa, na nitawaambia nani aliijenga Nalimbwe na nani aliiangusha.

Mimi kesho nimepewa fimbo ya mbaazi. Nitasimama upande wa mashariki nifukuze kuku.

Mdogo wako wa tumbo moja, niliyeangusha.